Mpaka wa Shamba: Ukikosana na Jirani, Anza Wapi?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Meru na Embu

 

Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala mizinga ya nyuki. Tutazungumza juu ya jambo ambalo mmetuuliza mara nyingi tunapotembelea vikundi: mpaka kati ya shamba na shamba. Huenda mtu akasema, hayo ni mambo ya watu wawili, kikundi kinaingiaje? Kinaingia sana. Watu wawili wakikosana kwa mpaka hawaketi tena benchi moja. Mmoja akileta mchango, mwingine anakosa mkutano. Bomba la maji likitakiwa kupita mpakani, mradi unasimama. Na watoto, ambao hata hawajui ugomvi ulianzia wapi, wanakatazwa kucheza pamoja. Mwisho wake tunaujua: panga, hospitali, polisi, na saa nyingine kaburi.

Tunataka mwende nyumbani na neno moja tu. Ugomvi wa mpaka una mlango wake wa kwanza katika sheria, na mlango huo si mahakama, wala si chifu, wala si wakili. Ni Msajili wa Ardhi. Na ushahidi atakaoutafuta Msajili hauko wote ofisini kwake. Mwingi uko huku kwetu shambani, kwenye ua wa zamani na katika vichwa vya wazee wetu. Anayepoteza hivyo viwili amejipotezea kesi kabla haijaanza.

Sentimita chache kila msimu

Mipaka mingi haihamishwi usiku kwa nguvu. Inahama mchana, polepole, tukitazama. Jirani anapolima, anakata nyasi za mpakani kidogo apate mahali pa kupitisha jembe. Msimu unaofuata anakata tena kidogo. Hebu tufanye hesabu pamoja.

Tuseme anaingia sentimita 15 kila msimu, ambazo hazifiki hata upana wa jembe. Sisi tuna misimu miwili, wa mvua ya Machi na wa mvua ya Oktoba. Kwa mwaka mmoja ni sentimita 30. Kwa miaka 12 ni mita 3 na sentimita 60. Kama mpaka una urefu wa mita 100, basi mita za mraba 360 zimekwenda. Eka moja ina mita za mraba kama 4,047, kwa hiyo umepoteza karibu sehemu moja ya kumi na moja ya eka. Mkulima wa kahawa anayepanda kwa nafasi ya futi 9 kwa futi 9 anaweza kuweka hapo mstari mzima wa miti 36. Sasa mnaona ni kwa nini watu hukosana. Si ukorofi tu. Ni karo ya shule.

Na saa nyingine hakuna mwizi. Kwenye miteremko yetu, mvua hushusha udongo na kufukia mawe ya mpakani. Ng'ombe hula majani ya ua. Mti uliokuwa alama hukatwa kuni. Baba aliyejua mpaka anafariki, na watoto wake wanaanza kubahatisha. Kwa hiyo, kabla hujamwita jirani mwizi, jiulize kama wewe mwenyewe unajua mpaka ulikuwa wapi.

Hiyo miaka 12 tuliyotumia katika hesabu hatukuichagua ovyo. Tutairudia mbele.

Ua ulitangulia ramani

Wengi wetu tunafikiri kwamba serikali ilichora ramani kwanza, halafu wazee wakapanda ua kufuata ramani. Kumbe mahali pengi ilikuwa kinyume chake.

Zamani familia moja ilikuwa na vipande vingi: kimoja juu mgongoni, kingine karibu na mto, kingine huko chini penye joto kwa ajili ya mtama na kunde. Mwaka 1954 serikali ya mkoloni ilitoa mpango wa kilimo unaojulikana kwa jina la Swynnerton. Wakati huo wa hali ya hatari na miaka iliyofuata, vipande vya mashamba katika nchi ya mlima Kenya vilikusanywa. Kamati za wazee zilisikiliza kila mmoja ana nini na wapi, kisha mtu akapewa shamba moja lililoungana. Wenye mashamba wakaambiwa wapande ua kuzunguka shamba. Ndege zilipiga picha kutoka juu, na wachoraji wakafuata mistari waliyoiona katika picha hizo. Sehemu za chini, kama vile Mbeere, zilifuata baadaye chini ya sheria ya mwaka 1968, baada ya koo kubishana sana juu ya nani alitangulia kufika wapi.

Sasa fikirini. Picha iliyopigwa kutoka angani hupotosha vipimo kidogo, hasa kwenye nchi ya milima na mabonde kama yetu. Mahali pengine ua ulikuwa bado mdogo, haukuonekana vizuri. Kwa hiyo wenye kutunga sheria walikuwa na busara. Hawakusema ramani ile ni sawa kama rula. Sheria ya mwaka 1963 ilisema ramani inaonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ambayo ndiyo tunayoifuata leo, inasema hivyo hivyo katika kifungu cha 18. Isipokuwa kama mpaka wako umepimwa rasmi na kuandikwa kwenye rejista kwamba umethibitishwa, ramani ni makadirio.

Mfano mmoja utawasaidia. Ramani nyingine zimechorwa kwa kipimo cha 1:2,500. Maana yake, milimita moja kwenye karatasi ni mita mbili na nusu shambani. Chukua kalamu yako uchore mstari. Unene wa mstari huo peke yake unaweza kuwa nusu milimita, yaani zaidi ya mita moja shambani. Na nyinyi mnagombania nusu mita! Ramani hiyo haiwezi kuwaamua. Ramani inakuambia shamba lako liko upande gani, lina umbo gani, na limepakana na nambari zipi. Ule mstari wenyewe hutafutwa chini, penye udongo.

Taito inasema nini?

Ndugu zetu wengine hupima shamba kwa kamba, wakapata kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye taito, kisha wakaenda moja kwa moja kumtukana jirani. Ngojeni kwanza.

La kwanza, taito huandika hekta, si eka. Hekta moja ni eka 2.47. Ukiona 0.81, usiseme serikali imekunyima. Hiyo ni eka 2. Tumeona watu wakilia bure kwa sababu ya hesabu hii.

La pili, kwa mashamba ya mpaka wa kukadiria, ukubwa ulioandikwa nao pia ni wa kukadiria. Upungufu kidogo si ushahidi kwamba jirani ameiba. Na ukipata ziada kidogo, si ushahidi kwamba wewe umeiba.

La tatu, mtu mwenye simu inayoonyesha ramani, au hata mpimaji wa kukodi mwenye chombo cha kisasa, hawezi peke yake kukuamulia mpaka na kupanda bikoni. Chombo chake kinaweza kuwa kizuri sana, lakini kama ramani anayoifuata ni ya kukadiria, atakuletea makadirio yenye tarakimu nyingi. Mpimaji ni msaidizi. Mwenye kuamua ni Msajili.

Mlango wa kwanza si mahakama

Kifungu hicho cha 18 kinasema wazi kwamba mahakama haitasikiliza kesi ya mpaka wa shamba lililosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa njia iliyowekwa na sheria. Tunaomba makatibu waandike hapo. Kwa nini? Kwa sababu watu huuza ng'ombe, wakatafuta wakili, wakaahirishiwa kesi mara tano, sita, halafu siku ya mwisho wanaambiwa: nendeni kwanza kwa Msajili. Ng'ombe amekwenda, mpaka uko pale pale.

Wengine bado wanasema, "Nitampeleka kwa baraza la wazee la ardhi." Ni kweli, yalikuwako mabaraza hayo. Sheria ya mwaka 1990 ilianzisha mabaraza ya wazee ya kuamua ugomvi wa ardhi, na mipaka ilikuwa miongoni mwa kazi zao. Lakini mabaraza hayo yaliondolewa mwaka 2011, ilipoanzishwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mtu akikuambia leo kwamba yeye ni baraza la ardhi la serikali na anataka ada ya kusikiliza kesi, mwulize ni sheria gani.

Na chifu je? Chifu na naibu wake wana kazi kubwa ya kulinda amani. Wanaweza kuwaita, kuwatuliza, na kushuhudia mkikubaliana. Lakini hawana uwezo wa kukata mpaka. Tusiwalaumu kwa kukataa kazi ambayo sheria haikuwapa.

Tuongeze neno moja hapa ili tusichanganye mambo. Si kila ugomvi wa shamba ni ugomvi wa mpaka. Kama watu wawili wana taito mbili za shamba moja, au shamba limeuzwa kwa karatasi za uongo, au mtu ameingia katikati ya shamba lako akajenga, hilo linahusu ni nani mwenye shamba. Hilo hupelekwa mahakamani. Ugomvi wa mpaka ni pale ambapo wote wawili mnakubali kila mmoja ana shamba lake, ila hamjui au hamkubaliani mstari unapita wapi.

Hatua kwa hatua

Sasa tufuate njia yenyewe.

1. Zungumza na jirani kwanza. Nenda mchana, nenda bila panga mkononi, tena nenda na mtu mmoja mnayemheshimu wote. Wengi humaliza hapa.

2. Mkishindwa, nenda ofisi ya usajili wa ardhi inayoshika rejista ya eneo lako. Omba cheti cha upekuzi wa shamba lako, mnachokiita sachi. Nunua pia nakala ya ramani ya eneo lenu. Hakikisha nambari yako na nambari za majirani wote, si yule mnayegombana naye peke yake.

3. Andika maombi kwa Msajili aje aonyeshe mpaka uliopotea au unaobishaniwa. Kanuni za usajili za mwaka 2017 zimeweka fomu ya kazi hiyo. Mwambie karani unaitaka. Uliza ada ni ngapi, lipa kwa njia ya serikali, na udai risiti. Pesa isiyo na risiti hujui inakwenda wapi, na kesho jirani yako atasema ulinunua uamuzi.

4. Msajili atatoa notisi yenye tarehe ya kufika shambani. Wenye mashamba wanaopakana na mpaka huo lazima wapate notisi. Hata kama jirani yako ni mkaidi, hakikisha ameipata, na uwe na ushahidi kwamba ameipata. Uamuzi uliofanywa bila mmoja kuitwa ni rahisi kuvunjwa.

5. Siku yenyewe, kaeni kwa utulivu. Msajili huja na mpimaji wa serikali, na mara nyingi chifu huwako kwa ajili ya usalama. Watasoma ramani, watapima, watatazama ua, miti, matuta na mawe, na kila upande utasikilizwa. Leta wazee walioshuhudia shamba likigawanywa. Onyesha visiki vya ua wa zamani. Usilete umati wa kupiga kelele. Kelele si ushahidi.

6. Msajili akitoa uamuzi, omba nakala ya ripoti yake, uiweke pamoja na taito. Pandeni alama mara moja, wote mkiwapo.

7. Asiyeridhika sasa anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Huko Embu iko, na Meru iko. Mlango huo sasa umefunguka, kwa sababu umepitia ule wa kwanza.

Kuna pia njia ya kumaliza mambo kabisa. Kifungu cha 19 kinaruhusu mwenye shamba kuomba mpaka wake uthibitishwe kwa vipimo kamili. Majirani huitwa na kusikilizwa, mpimaji hupima kila pembe, na rejista huandikwa kwamba mpaka sasa umethibitishwa. Gharama yake ni kubwa zaidi. Kwa shamba la mahindi huenda isifae. Kwa ploti iliyo karibu na soko au lami, ambapo kila futi ina bei, kaeni na majirani mfikirie kuchangia pamoja.

Wazee wetu wana nafasi gani?

Baada ya kusikia hayo, mzee mmoja anaweza kuuliza: "Basi sisi tumetupwa?" Hapana, baba. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 60, inahimiza jamii zimalize ugomvi wa ardhi kwa njia zao zinazokubalika, mradi zisipingane na Katiba. Kifungu cha 159 nacho kinatambua njia za jadi za kupatanisha. Kwa hiyo wazee wa ukoo, wa mwiriga huko Meru au muviriga huko Mbeere, na Njuri Ncheke yenyewe yenye makao yake Nchiru, wanaweza kupatanisha. Mara nyingi wanaweza kufanya jambo ambalo ofisi haliwezi: kurudisha urafiki.

Lakini kuna mipaka miwili ya kazi hiyo. Wa kwanza, wazee hawawezi kubadilisha rejista. Kama wamesaidia kukumbuka mpaka ulikuwa wapi, vizuri sana. Andikeni makubaliano: tarehe, nambari za mashamba, nambari za vitambulisho, mchoro mdogo, sahihi za mume na mke kutoka kila upande, na mashahidi watatu. Lakini kama mmekubaliana kuuhamisha mpaka, yaani kipande kitoke kwa huyu kiende kwa yule, hiyo ni kuhamisha ardhi. Ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha bodi ya ardhi, kisha mpimaji na usajili. Bila hayo, mkifa nyinyi wawili makubaliano yenu yanakufa pamoja nanyi, na watoto wanaanza upya.

Wa pili, wazee wasiamue kwa kumwonea mtu. Katiba inakataza ubaguzi wa kijinsia katika mambo ya ardhi. Baraza lisilomruhusu mama kusema juu ya shamba analolilima yeye mwenyewe kila siku halitasimama mbele ya sheria. Tena ni kupoteza ushahidi. Nani anajua mpaka kuliko anayeupalilia?

Mama mjane na mpaka

Hapa tunaomba tusikilizane. Mara nyingi mpaka huanza kutembea mwezi ule ule mazishi yanapokwisha. Jirani, au hata shemeji, anajua aliyekuwa akisimama pale hayupo. Mama anaogopa. Anaambiwa, "Wewe ulikuja juzi, utajua nini juu ya shamba letu?"

Mama, wewe unayeishi na kulima hapo unahusika na mpaka huo. Nenda kwa Msajili ukaeleze. Usingoje mpaka kijana wako amalize shule. Lakini pia anza mapema barua za usimamizi wa mirathi ikiwa taito bado iko kwa jina la marehemu, kwa maana bila barua hizo kesi ya mali yake haitasimama mahakamani. Na vikundi vya akina mama, hili ni jambo la kusaidiana. Mwenzenu akifiwa, mnapeleka unga na sukari. Pelekeni pia watu wawili wa kutembea naye kwenye mpaka wake kabla alama hazijaguswa.

Miaka kumi na miwili

Tuliahidi kurudi hapa. Sheria ya Kenya ya muda wa kufungua mashtaka inasema mtu mwenye ardhi akinyamaza miaka 12, huku mwingine anaitumia wazi wazi, bila ruhusa yake, bila nguvu na bila kukatizwa, haki yake ya kuidai inaweza kwisha. Yule anayeitumia anaweza kwenda mahakamani kuomba aandikishwe. Hata kipande cha shamba kinaweza kupotea hivyo, mradi kinajulikana ni kipi hasa.

Barua ya kulalamika peke yake haisimamishi hesabu ya miaka. Kugombana sokoni hakusimamishi. Kunung'unika nyumbani hata zaidi. Kwa hiyo, ukiona mpaka umeingiliwa, usiseme "nitaona baadaye." Na kama umemruhusu jirani kwa moyo mwema alime kipande chako, au akate nepia hapo, andikeni karatasi kwamba ni kwa ruhusa yako. Hiyo si kumshuku. Ni kumlinda yeye na wewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kung'oa ua ni kosa la jinai

Sheria ya 2012 inamtaka kila mwenye shamba atunze ua, mawe, bikoni na alama nyingine za mpaka wake. Na anayeziharibu au kuziondoa bila idhini ya Msajili anatenda kosa. Akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miaka 2, au vyote viwili. Tena anaweza kudaiwa gharama ya kurudisha alama hizo. Hata kama unaamini ua umepandwa ndani ya shamba lako, usiung'oe. Ukiung'oa, umeharibu ushahidi ambao huenda ungekusaidia wewe, na umejifanya mshtakiwa. Maandiko Matakatifu nayo yanakataza kuhamisha mpaka wa jirani. Someni Kumbukumbu la Torati, sura ya 19.

Mahali ambapo taito bado

Ndugu zetu wa baadhi ya sehemu za Igembe na Tigania watasema, "Sisi hata taito hatujapata." Kwenu njia ni nyingine kidogo, kwa sababu rejista bado inatengenezwa. Ugomvi hupelekwa kwa ofisa wa adjudikesheni na kamati zake. Ulizeni kwanza mko chini ya sheria gani, ya kukusanya vipande au ile ya 1968, maana taratibu hazifanani. Chini ya ile ya 1968, notisi ikitolewa kwamba rejista imekamilika, mna siku 60 za kupinga. Uamuzi wa pingamizi ukitoka, mna siku nyingine 60 za kukata rufani kwa Waziri. Na huwezi kufungua kesi mahakamani wakati huo bila ruhusa ya maandishi ya ofisa huyo. Siku 60 ni chache. Zimewapita wengi wakiwa wanasubiri mavuno.

Kazi ya kikundi

Tumesema mengi. Tuyageuze sasa yawe kazi. Tunapendekeza kila kikundi kichague juma moja, mvua zikiwa bado, watu watembee kwenye mipaka yao.

Kila mwanakikundi aite majirani wake wote. Kila upande ulete mzee mmoja anayekumbuka na kijana mmoja atakayekumbuka kesho. Tembeeni kutoka pembe moja hadi nyingine. Mkikubaliana, jazeni mapengo ya ua kwa mimea ileile, kayaba au mnyaa au chochote kilichokuwako. Msipande mikaratusi juu ya mstari, kwa maana mizizi na kivuli chake huleta ugomvi mwingine. Wekeni nafasi isiyolimwa pande zote mbili, hata kama ni hatua moja. Katibu aandike kwenye daftari: nambari za mashamba, alama zilizoonekana, waliokuwapo, na tarehe. Wote watie sahihi au kidole gumba. Daftari hilo si taito na halitachukua nafasi ya Msajili. Lakini siku Msajili akija, miaka kumi kutoka leo, na wale wazee wakiwa wamelala, daftari litasema kwa niaba yao.

Pale ambapo majirani hawatakubaliana, msilazimishe. Andikeni kwamba hawakukubaliana, na mwaelekeze kwenye hatua zile saba. Kikundi kisichukue upande. Kikundi kikichukua upande, hakuna kikundi tena.

Maswali ya kujadili katika mkutano wenu ujao:

1. Katika kijiji chetu, ni wazee gani bado hai walioona mashamba yakigawanywa? Ni nani amewauliza na kuandika?

2. Ni mipaka mingapi ya wanakikundi isiyo na alama yoyote inayoonekana?

3. Ni wajane na yatima wangapi kati yetu ambao taito ya shamba lao bado iko kwa jina la marehemu? Tutawasaidiaje kuanza?

4. Je, kikundi kinaweza kuweka akiba kidogo ya ada ya Msajili, ili mwanachama mwenye shida akopeshwe badala ya kuuza ng'ombe?

Leteni majibu yenu tutakapokutana tena, na daftari mje nalo.